Mati, silki ama glosi? Soma hii kabla hujamwaga doo kwa ukuta wa mathe

Najua ulikuja hapa kucheki nani ameachana na nani, lakini leo tunabonga rangi. Na si mambo ya krimu ama kijani, hiyo ni shauri yako na TikTok yako. Tunabonga ile swali unaulizwa ukiwa umesimama kwa kaunta ya hadiwea na nusu ya mshahara mfukoni: "Unataka mati, silki ama glosi?" Wasee wengi hapo wanajibu, "Nipe ile poa." Mimi pia nilijibu hivyo. Nikalia.

Kwetu ni Mutomo, Kitui South. Kama hujawahi fika, unatoka Nairobi na barabara ya Mombasa, unakunja Kibwezi, unavuka mto Athi, unapita Ikutha, halafu uko kwetu. Jua ni la kweli, vumbi ni nyekundu, na maji ya visima vingi ukionja unajua hukuongezwa chumvi na mtu. Shika hiyo story ya chumvi, tutairudia.

Chuo niliachia mwaka wa pili. Karo, story ndefu, tuiwache. Nikaanza kuandika mtandaoni, na nilipopata doo ya kwanza ya maana nikaambia mwaitu (huyo ni mathe, kwetu tunasema hivyo) kwamba Krismasi itapata nyumba imepakwa rangi. Unajua venye inakuanga ukirudi ocha bila cheti. Watu wanakusalimia vizuri lakini wanakuangalia kama kesi iko kortini. Nilitaka ukuta unitetee.

Nikanunua silki nyeupe ya nyumba yote, kuanzia mahali pa wageni mpaka jikoni. Sababu? Ilikuwa bei juu kuliko mati, na inang'aa. Tukapaka Novemba, mvua ikinyesha kila siku ya pili. Krismasi watu wakasifu, chai ikanyweka. Kufika Februari, sehemu ya chini ya ukuta wa nyuma ilikuwa imefura kama mandazi, unga mweupe unamwagika ukiigusa, na usiku stima ikiwaka unaona kila mahali aliyepiga plasta alichoka. Mwaitu hakuniambia kitu. Alisogeza kabati ikafunika pale pabaya kabisa, halafu akatundika kalenda mbili ukutani. Kalenda mbili za mwaka mmoja. Hapo ndio nilijua nimechoma.

Kwa hivyo haya yote nitakuambia nilisoma baadaye, kwa kuuliza mafundi, kusoma migongo ya mikebe, na kukwangua ukuta na mikono yangu.

Kung'aa kunatoka wapi

Rangi ni kama ugali wa vitu vitatu: unga, gundi na maji. Unga ni ule wa kuleta rangi yenyewe pamoja na ule wa kujaza. Gundi ndio inashikanisha unga na ukuta. Maji (ama mafuta ya kuyeyusha) yapo tu ndio upate kupaka, halafu yanakauka yanaenda zake.

Sasa, yakishakauka, kinachobaki ni unga na gundi. Unga ukiwa mwingi, unajitokeza juu, uso unakuwa na vijibonde vidogo ambavyo jicho halioni, na mwanga ukigonga hapo unatawanyika kila upande. Hiyo ni mati. Gundi ikiwa nyingi, inafunika unga wote, uso unalala kama kioo, na mwanga unarudi moja kwa moja kwa jicho lako. Hiyo ni glosi. Silki iko katikati. Kuna nyingine inaandikwa Eggshell kwa mkebe, kwa maana inang'aa kama ganda la yai, yaani kidogo sana. Hiyo inakaa kati ya mati na silki, na kwa maduka madogo si rahisi kuipata. Ulaya mng'ao unapimwa na mashine inamulika ukuta kwa pembe ya digrii 60, na ikisoma 60 kuendelea juu, hiyo wanaiita glosi. Sisi tunapima kwa macho na tunaelewana.

By the way, unga wa kujaza mara nyingi ni mawe ya chokaa yaliyosagwa laini. Yale yale mawe ambayo yamelala chini ya ardhi ya Kitui South na watu wamekuwa wakivutania miaka. Unaweza kuwa umetoka Mutomo ukaenda kununua Mutomo kwa mkebe.

Ukishaelewa hiyo ya unga na gundi, mengine yote yanajipanga yenyewe. Mati ina unga mwingi, kwa hivyo inaficha makosa ya ukuta na inaacha ukuta upumue, lakini inashika uchafu, na ukiisugua inatoka ama inabaki na doa linalong'aa. Glosi ina gundi nyingi, kwa hivyo unaipangusa na kitambaa chenye sabuni mara mia na haisemi kitu, lakini inaonyesha kila kovu la ukuta na inafungia unyevu ndani. Silki inachukua kidogo kutoka kila upande. Kwa hivyo silki kuwa bei juu haimaanishi ni bora kwa ukuta wako. Unalipia gundi. Kama ukuta wako hauhitaji gundi, umelipia shida.

Kitu kingine watu wanachanganya: kung'aa si sawa na maji ama mafuta. Fundi akisema "rangi ya maji" anamaanisha ile unaosha brashi kwa maji. "Rangi ya mafuta" unaosha kwa thina ama tapentaini. Hapa Kenya mati na silki karibu zote ni za maji, na glosi nyingi ni ya mafuta, lakini si sheria. Soma mkebe. Usipake ya maji juu ya ukuta wa zamani wa mafuta bila kuupiga msasa kwanza, juu itashika wiki mbili tatu halafu itabanduka kama ngozi ya nyoka.

Ukuta kwanza, rangi baadaye

Hapa ndio mimi nilianguka, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Ngoja usiku. Zima taa, washa tochi ya simu, ilalie kwa ukuta, uimulike kutoka upande, si mbele. Utaona milima na mabonde yote. Huo ndio ukuta wako halisi. Kama ukishaona hivyo moyo unashtuka, una njia mbili: uskimu ukuta upya na upige msasa, ama uchague mati. Silki na glosi hazitakusaidia, zitakutangaza. Ukuta wetu ulikuwa na plasta ya mchanga wa mto iliyosawazishwa haraka haraka. Nikaupaka silki halafu nikauweka taa mbele. Ni kama mtu ako na chunusi akajipaka mafuta mengi kabla ya kupigwa picha.

Halafu unyevu. Chukua kipande cha nailoni, ile ya kufunika vitabu (juala tulinyimwa 2017), kibandike ukutani na selotepu pande zote nne, ukiache siku nzima. Kesho ukikuta matone ya maji kwa ndani, ukuta bado uko na maji na hakuna rangi itakaa hapo. Plasta mpya ya simiti ipe karibu mwezi, siku 28, na kwa msimu wa mvua iongeze. Na hata ikikauka, simiti mpya ni kali, ina magadi ndani yake. Ukiipaka rangi ya mafuta mapema, hayo magadi yanageuza mafuta kuwa kitu kama sabuni. Si mfano, ni kemia ile ile ya kutengeneza sabuni. Rangi inakuwa laini, inanata, inatoka.

Sasa chumvi. Huku kwetu watu wengi wanachanganya simiti na maji ya kisima, na maji ya visima vingi vya Kitui South yana chumvi. Hiyo chumvi inaingia kwa ukuta na inakaa kimya. Mvua ikinyesha, maji yanapanda kutoka kwa msingi, yanayeyusha chumvi, yanaibeba mpaka juu ya ukuta. Maji yanakauka, chumvi inabaki na kugeuka punje ngumu. Punje zinakua. Kama juu yake kuna mati, mengi yanapita na unaona tu unga mweupe. Kama juu yake kuna silki ama glosi, njia imefungwa, kwa hivyo zinasukuma rangi mpaka inafura. Ile mandazi yangu ya Februari.

Ukiona huo unga mweupe, usiuoshe na maji. Mimi nilifanya hivyo, nikadhani ni usafi. Maji yanayeyusha chumvi na kuirudisha ndani, wiki ijayo inatoka tena ikicheka. Chukua brashi ngumu, ukuta ukiwa mkavu, ipanguse, ifagie, itupe mbali. Ngoja wiki mbili, rudia. Wakati haitoki tena, ndio upake. Na cheki maji yanatoka wapi: paa inadondoka karibu na ukuta? Hakuna mtaro? Udongo umepanda juu ya msingi? Ukiacha hiyo bila kurekebisha, hata ununue rangi ya ikulu.

Ndio maana safari ya pili nilingoja Agosti. Ukambani mvua inakuja mara mbili, Machi mpaka Mei na Oktoba mpaka Disemba, na hiyo ya mwisho wa mwaka ndio wakulima wanaitegemea zaidi. Kwa hivyo ile mila yetu ya kupaka rangi wiki mbili kabla ya Krismasi ndio mbaya kabisa ya kuchagua. Juni mpaka Septemba kumekauka. Hapo ndio wakati.

Chumba kwa chumba

Mahali pa wageni ndio watu wanataka kujionyesha, kwa hivyo ndio watu wanaharibu. Jiulize ukuta unaguswa na nani. Kochi linasugua. Watoto wa dada yako wanaweka mikono iliyotoka kwa embe. Wageni wanaegemea kichwa hapo nyuma ya kiti, na mafuta ya nywele yanachora duara ambayo kila mtu anajua ni ya nani. Kwa hivyo unahitaji kitu cha kupangusika, angalau mpaka urefu wa bega. Kama plasta ni laini, silki ni jibu, nyumba nzima ya wageni na umemaliza. Kama plasta ni kama yetu, fanya mbili: chini silki ama glosi ya rangi nzito, juu mati.

Hiyo si kitu kipya. Kumbuka darasa lako la msingi. Kumbuka koridoo ya hospitali ama kituo cha polisi. Chini kuna mkanda wa rangi ya mafuta, buluu ama kahawia ama kijani, unafika kifuani, halafu juu ni krimu ya maji. Tulikuwa tunadhani ni serikali haina ladha. Kumbe ni mtu alipiga hesabu: mikono, viatu, migongo na maji ya kupiga deki vinafika pale, juu hakuna anayegusa. Gundi wanalipia mahali inahitajika tu. Ukichagua rangi mbili zinazopendana na mstari ukiwa umenyooka (bandika selotepu ya karatasi), inakaa fiti hata kwa keja ya kisasa. Na kwetu, ambapo vumbi jekundu linarukia ukuta kila upepo ukipita, hiyo rangi nzito ya chini inaficha mengi.

Kwetu lakini ule ukuta wa nyuma wenye chumvi tulinyima mkanda. Ukuta mwingine wote uko na mkanda wa kahawia, huo mmoja ni mati kutoka chini mpaka juu, ili upumue. Ukitoa unga mweupe tena, tutaufagia. Ukiuangalia kwa makini unaona tofauti. Mwaitu anasema hakuna mgeni wa kuangalia ukuta kwa makini.

Chumba cha kulala, mati. Usiwaze sana. Hakuna mtu anapika hapo, mwanga uwe mpole, macho yapumzike. Kama kitanda kinagusa ukuta, weka tu mkanda wa silki hapo kichwani.

Siling, mati nyeupe kila wakati. Mwanga wa dirisha unailalia kutoka upande siku nzima, kwa hivyo siling ya silki inaonyesha kila kiungo cha bodi na kila msumari.

Jikoni inategemea unapika na nini, na hapa ndio wale wa kuandika kutoka ng'ambo wanatupotosha, juu wao wanadhani kila mtu ana gesi. Kama ni meko ama koili ya stima ndani ya nyumba, adui ni mvuke na mafuta ya kukaanga. Paka silki kuta zote, na nyuma ya jiko weka glosi ama taili, kitu cha kusuguliwa na sabuni kila jioni. Lakini kama ni jikoni ya kuni, ile imejengwa kando, usimwage silki hapo. Moshi wa kuni unaacha masizi na lami nyembamba inayonata, na silki haitashinda hiyo vita hata mwaka mmoja. Mimi niliipaka nyeupe. Krismasi ilikuwa nyeupe. Pasaka ilikuwa rangi ya sufuria. Safari ya pili tulipaka chokaa, ile ya kawaida ya kuchanganya na maji. Ni bei ya chini, inapumua, haiogopi joto, na kila mwaka unairudia asubuhi moja kabla ya chai. Doo iliyobaki ilienda kwa kupanua dirisha ili moshi utoke, na hiyo ilisaidia kifua cha mwaitu kuliko rangi yoyote.

Bafu, hasa hizi zetu za kuoga na karai, maji yanaruka mpaka kifuani. Chini mpaka urefu huo ni glosi ya mafuta ama taili, juu silki. Lakini ukuta uwe umekauka kabisa kwanza, na kuwe na tundu la hewa. Bafu bila hewa itaota ukungu mweusi juu ya rangi yoyote, hata ile imeandikwa haioti.

Milango, fremu na madirisha ni glosi, hapo hakuna ubishi. Mbao unapiga msasa, unapaka andakoti, halafu glosi mara mbili. Chuma kinaanza na ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, red oxide, ambayo mafundi wengine wanaiacha ndio ikuwe rangi ya mwisho halafu wanakuambia ni staili. Si staili. Glosi ya mafuta inakauka polepole, kwa mkono utaona ni kavu baada ya masaa machache lakini ndani bado ni laini, kwa hivyo ipe usiku mzima kabla ya mkono wa pili na usifunge mlango. Mlango wetu wa mbele uko na alama ya kidole gumba karibu na kitasa. Mwaitu alitaka kujua kama imekauka. Iko hapo mpaka leo. Na jambo moja kuhusu glosi nyeupe ya mafuta: mahali pasipofika mwanga, kama ndani ya kabati ama nyuma ya mlango, inageuka manjano pole pole. Kama hutaki hiyo, chagua krimu tangu mwanzo, itazeeka bila mtu kujua.

Nje ya nyumba ni story yake yote. Nunua ile imeandikwa ya nje, juu ya ndani inageuka unga kwa jua la Mutomo haraka sana. Rangi nzito inakunywa joto, na ukuta wa magharibi ndio unapigwa na jua la alasiri, kwa hivyo hapo kaa na rangi nyepesi kama kuna chumba cha kulala nyuma yake. Chini, sentimita 60 hivi kutoka ardhini, weka mkanda mzito, juu mvua ikigonga udongo inarusha matope. Na usipake saa saba mchana. Rangi inakauka kabla rola haijarudi, na unabaki na mistari. Mafundi wajanja wanaanza mangware, wanafuata kivuli kuzunguka nyumba, wanapumzika, wanarudi saa kumi.

Wewe wa bedsita, kuja hapa

Najua wengi mko Nairobi kwa keja ya kupanga na mnasema hii haiwahusu. Inawahusu kwa dipoziti. Landlodi wengi wanapaka mati ya bei ya chini, kwa sababu ni rahisi kurudia kila mpangaji akihama. Sasa wewe umemwaga soda, ukasugua na sabuni ya nguvu, doa limetoka lakini pamebaki mahali panang'aa kama kipara. Hapo ndio dipoziti inaenda. Mati inapanguswa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, kwa kugusa, si kwa kusugua. Doa likikataa, nunua mkebe mdogo wa lita moja wa rangi ile ile uguse hapo. Uzuri wa mati ni huo, ukigusa kidogo haionekani. Silki ukigusa kidogo unaona kiraka, mpaka upake ukuta wote kutoka kona hadi kona.

Hesabu na ujanja wa dukani

Usiulize fundi mikebe mingapi, piga hesabu mwenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 3, urefu wa ukuta mita 2.7: zunguka chumba ni mita 14, mara 2.7 unapata karibu 38. Toa mlango na dirisha, bakisha 34 za mraba. Mikono miwili, 68. Lita moja kwa ukuta laini inafunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, kwa hivyo unahitaji karibu lita 7, yaani mikebe miwili ya lita 4. Plasta mpya inakunywa zaidi. Ndio maana mafundi wanaanza na ya bei ya chini kama ile ya Covermatt kwa mkono wa kwanza, halafu silki juu, na hiyo ni akili nzuri, mradi usilipishwe silki mikono yote.

Nunua ya chumba kimoja siku moja na ulinganishe namba za kiwanda kwa mikebe, juu rangi iliyochanganywa siku tofauti inaweza kutofautiana kidogo na utaiona tu ikishakauka. Kuwa hapo fundi akiongeza maji. Mkebe umeandikwa kiasi. Wengine wanaongeza mpaka inakuwa kama chai ya hosteli, halafu lita moja inaenda nyumbani kwao.

Angalia alama ya ubora ya KEBS na namba yake. Unaweza kuikagua kwa simu: andika SM, alama ya #, namba hiyo, tuma kwa 20023. Si mambo ya karatasi tu. Rangi za mafuta, hasa nyekundu na manjano zinazowaka, ndio zimekuwa na historia ya kuwekwa risasi, ile madini, na risasi inaumiza ubongo wa mtoto bila kurudi. Kiwango cha Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, si zaidi. Kama unakwangua glosi ya zamani kwa milango ya susu, lowesha msasa maji, funga pua, toa watoto nje, na usifagie kavu.

Mkebe ukibaki na rangi, funga kifuniko kabisa, andika juu yake ni chumba gani na mwaka gani, uweke mahali pasipo jua. Yetu iko chini ya kitanda changu. Mwaitu aliandika mwenyewe na kalamu ya wino mzito: MATI, UKUTA WA NYUMA, USIGUSE.